Klachi si uchawi, lakini jeki si stendi

"Bosi, hii klachi imeisha."

Ukiambiwa hivyo na fundi anayejipangusa oili mikononi, kitu cha kwanza kukutoka mdomoni ni swali moja tu: "Sasa ni ngapi?" Huulizi amejuaje. Huulizi ni sehemu gani ya klachi iliyoisha. Unauliza bei, unakuna kichwa, unaanza kuhesabu nani anaweza kukukopesha hadi mwisho wa mwezi. Na kama gari hilo ndilo linalokuletea ugali, kila siku linayolala gerejini ni siku ambayo hata wewe unalala njaa.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonirushia mawe: kijana yeyote mwenye gari la gia za mkono anafaa kushiriki kubadilisha klachi kwa mikono yake angalau mara moja maishani. Nyumbani, kwenye ploti, ama popote palipo na sakafu ngumu na ruhusa. Afanye hivyo akiwa na fundi kando yake, akiwa na vifaa kamili, na bila haraka. Kusudi si kumnyima fundi kazi. Kusudi ni kwamba baada ya siku hiyo hutawahi tena kulipia kitu usichokijua, na hutawahi tena kumdharau anayekifanya.

Wakati huohuo, nina neno kali kwa wale wanaotazama video ya dakika 12 kwenye YouTube kisha wanaingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Hao tutafika kwao, tena kwa ukali.

Kitu chenyewe ni nini?

Tuanze kwa kuondoa uchawi. Injini ikiwaka, inazunguka bila kukoma. Magurudumu nayo lazima yasimame: kwenye taa, kwenye jam ya Jogoo Road, mbele ya mama anayevuka na watoto. Klachi ndiyo inayounganisha na kutenganisha hivi viwili.

Nyuma ya injini kuna sahani nzito ya chuma, ile mafundi huita flaiwili. Mbele yake inakaa diski yenye bitana ngumu ya kusuguana. Nyuma ya diski kuna presha pleti, yenye springi kali zinazoibana diski kwenye flaiwili. Ukikanyaga pedali, bering moja inayoitwa rilizi bering inasukuma springi hizo na mshiko unaachia. Ukiachilia pedali, mshiko unarudi. Ni kama kushikana mikono na mtu: mkikaza mnaenda pamoja, mkilegeza kila mtu na njia yake.

Bitana ya diski huliwa kidogo kidogo kama soli ya kiatu. Anayetembea vizuri, kiatu kinadumu. Anayeburuta miguu, anakimaliza mapema. Kwenye gari, kuburuta miguu ni kuacha mguu umepumzika juu ya pedali ukiendesha, ama kushikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya breki ya mkono. Nairobi yetu ya kusonga mita mbili na kusimama ni adui mkubwa wa klachi.

Kumbuka pia kwamba wengi wetu hununua mitumba kutoka Japani. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo klachi unayoirithi tayari imeishi maisha ya mtu mwingine, na hakuna aliyekuachia historia yake. Ukinunua gari la mkono ambalo tayari limepita mikononi mwa Wakenya watatu, hesabu kwamba siku moja utaambiwa ile sentensi ya juu.

Kabla ya kufungua nati hata moja

Ujinga wetu ndio unaotugharimu, na nasema hivi bila kuwatukana mafundi. Mteja asiyejua kitu humweka hata fundi mwaminifu pabaya, kwa sababu kila atakachosema kitaonekana ni uongo. Anayejua kidogo humsaidia fundi mzuri na humtisha tapeli.

Dalili za klachi unaweza kuzisoma wewe mwenyewe. Barabara ikiwa wazi, weka gia ya 4 au ya 5 kisha kanyaga mafuta. Kama mshale wa mizunguko ya injini unapanda lakini gari haliongezi mwendo, diski inateleza. Ukisikia na harufu ya kitu kilichoungua, basi, hapo fundi hakudanganyi.

Lakini kama shida ni gia kukataa kuingia, ama pedali kuzama hadi chini kama mguu umekanyaga matope, usikubali haraka kwamba klachi imeisha. Magari mengi ya siku hizi husukuma klachi kwa mafuta, tena ni mafuta ya breki yaleyale. Fungua boneti, angalia kiwango kwenye chupa yake. Angalia kama kuna unyevu kwenye silinda ya juu, iliyo karibu na pedali, au ile ya chini, iliyo kwenye giaboksi. Pengine kinachohitajika ni silinda, ama kutoa hewa tu iliyoingia kwenye bomba. Gari linalotumia kebo nalo huenda linahitaji kebo kukazwa au kubadilishwa. Kazi hizo, mara nyingi, humalizika bila giaboksi kushushwa.

Na kelele je? Kama inasikika ukikanyaga pedali, mshukiwa wa kwanza ni rilizi bering. Kama inasikika ukiwa hujakanyaga, kisha inapotea ukikanyaga, shuku bering ya ndani ya giaboksi. Hizo ni kazi mbili tofauti na bili mbili tofauti. Mtu anayejua tofauti hiyo hachezewi.

Ona sasa, hatujashika hata spana, na tayari maongezi yako na fundi yamebadilika. Badala ya "Sasa ni ngapi?" unauliza, "Fundi, umeangalia silinda ya chini?" Fundi anakutazama tena, anajua huyu si wa kuokotwa.

Kazi yenyewe ni ya jasho

Tuseme imethibitika, diski imekwisha. Kazi inakuwaje?

Ukweli ni kwamba sehemu inayobadilishwa ni ndogo, lakini njia ya kuifikia ni ndefu. Klachi imefichwa katikati ya injini na giaboksi. Kwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, unachomoa betri, upande wa hasi kwanza. Unainua gari na kulikalisha kwenye stendi. Unamwaga oili ya giaboksi, unatoa magurudumu ya mbele na zile shafti mbili zinazoyazungusha. Unafungua stata, kebo za gia, silinda ya klachi na maunting. Injini inawekewa kitu cha kuishikilia, maana baadhi ya vilivyokuwa vikiibeba umeviondoa. Ndipo giaboksi inapotoka.

Giaboksi ya gari dogo aghalabu huwa na uzani wa kilo 30 hadi 40, na nyingine hupita hapo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Sasa jiulize kama unaweza kulala chali na kupokea kitu kinachokaribia mfuko wa saruji, chenye kona za chuma, kinachoteleza kwa oili, kikishuka kuelekea kifua chako. Ndiyo maana mafundi hutumia jeki ya giaboksi. Na ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Ikishatoka, mengine ni ya utulivu. Unafungua boluti za presha pleti kidogo kidogo kwa kuvuka, huku na kule, ili isipinde. Unakagua flaiwili: ina nyufa? Ina madoa ya buluu ya joto? Imechimbika? Kama imeharibika, inapelekwa kuchongwa ama inabadilishwa. Baadhi ya magari, hasa ya dizeli kutoka Ulaya, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo usiilazimishe kuchongwa kama ile ya kawaida. Unaangalia pia sili ya oili iliyo nyuma ya injini. Ikiwa inavuja na ukaiacha, oili itaingia kwenye diski mpya na utarudi kulala chini ya gari hilohilo kabla mwaka haujaisha.

Diski mpya ina upande wake. Nyingi zimeandikwa upande unaoelekea flaiwili. Ukiigeuza, umefanya kazi bure. Kuna kijiti maalum cha kulenga diski ikae katikati kabisa. Bila hicho giaboksi itakataa kurudi, na wewe utaanza kuilazimisha kwa kukaza boluti. Hapo ndipo watu huvunja vitu vya bei ghali. Grisi unapaka kidogo sana kwenye meno ya shafti, si kwenye bitana. Boluti unazikaza tena kwa kuvuka, kwa spana inayopima nguvu, kulingana na kipimo cha gari lako.

Kisha unarudisha kila kitu ulichotoa, unajaza oili ya giaboksi ya aina inayofaa, unatoa hewa kwenye mfumo wa klachi, na unajaribu gari taratibu.

Fundi mzoefu, mwenye shimo au lifti, anaweza kuimaliza kabla ya jioni. Anayejifunza ajipe wikendi nzima na asimwahidi mtu kwamba Jumatatu asubuhi gari litakuwa barabarani.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema ushiriki mara moja. Sisi vijana wa mjini tuna tabia mbaya. Tunalipia kinywaji cha wikendi bila kuuliza, lakini fundi akitaja pesa ya kazi tunaruka: "Fundi, si ni kufungua na kufunga tu?" Siku utakapojiburuta chini ya gari, mchanga machoni, boluti moja ya mwisho imekwama mahali ambapo mkono hauingii, hutasema tena ni kufungua na kufunga tu. Utalipa, na utasema asante.

Jeki si stendi

Sasa nirudi kwa wale niliosema.

Jeki ya haidroliki hubeba gari kwa mafuta yaliyozuiwa na sili ndogo ndani yake. Sili ikichoka, gari linashuka. Wakati mwingine polepole, wakati mwingine ghafla. Ile jeki ya mkasi inayokuja na gari ilitengenezwa kwa kazi moja: kubadilisha gurudumu ukiwa umesimama kando. Haikutengenezwa mtu alale chini yake na kuanza kuvuta boluti zilizoshika kutu, gari likitikisika juu yake.

Na jiwe la kujengea si stendi. Tofali si stendi. Mawe na matofali yanaweza kubeba uzito mkubwa ukikaa vizuri, lakini hupasuka bila kutoa onyo. Chuma hupinda kwanza. Jiwe huvunjika tu. Mtaani tumezoea kuona gari limekaa juu ya mawe manne mwezi mzima, tunafikiri ni salama. Halijaanguka kwa sababu hakuna anayelitikisa.

Kwa hivyo sheria yangu haina mjadala. Huna stendi za chuma zinazotosha uzito wa gari lako, huanzi. Sakafu ni udongo ama imeinama, huanzi. Uko peke yako, huanzi. Magurudumu ya nyuma hayajazuiliwa, huanzi. Ukishaliweka gari kwenye stendi, lisukume kwa mikono ukiwa umesimama nje, uone kama linacheza. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba. Gari likianguka, bora lile rimu kuliko likule wewe.

Kuna pia vumbi. Ndani ya nyumba ya klachi hujaa vumbi la bitana iliyosagika. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo si za kuvutwa mapafuni. Usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Vaa barakoa, lowesha, pangusa kwa kitambaa, kisha ukitupe kitambaa.

Oili chafu nayo ina kwao. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, uipeleke kwa gereji inayokusanya. Ukiimwaga kwenye mtaro, inaelekea mtoni, na kule chini kuna mtu anamwagilia sukuma wiki. Sukuma wiki hiyo inaweza kurudi kwenye sahani yako.

Najua kuna atakayesema, "Mbona mafundi wengi hulala chini ya gari lililo kwenye jeki na hawafi?" Jibu ni kwamba unaowaona ni waliobaki. Fundi hafanyi hivyo kwa sababu ni salama. Anafanya kwa sababu mteja anataka bei ya chini na gari leo jioni. Hata hapo, mkono wetu umo.

"Mnawanyang'anya mafundi mkate"

Hoja hii naiheshimu. Jua kali ndiyo inayolisha familia nyingi nchini. Kijana aliyesoma kidogo, akatoka kijijini na kuanza kwa kushika tochi, leo analea watoto kwa spana. Kwa nini wewe mwenye kazi ya ofisini umpoke kazi kwa sababu umeona video?

Ndiyo maana sikusema ujifanyie peke yako. Nimesema na fundi kando yako. Mpango wangu ni huu: tafuta fundi unayemwamini, mlipe siku yake kamili aje kwako, umwambie wazi unataka kujifunza. Yeye anaongoza, wewe unafungua. Mwite fundi, mwite mkubwa, mwite mwalimu, kwa sababu siku hiyo ndivyo alivyo. Mpe chai ya saa nne na chakula cha mchana, bila kukatia kwenye malipo yake. Wapo watakaokataa, ni haki yao, maana kufundisha huchelewesha kazi. Wapo watakaofurahi kwamba hatimaye kuna mtu anayetaka kujua wanachofanya.

Kwa mpango huu fundi hapotezi kitu. Amelipwa siku yake, na amepata mteja atakayemrudia kwa kila kingine, kwa sababu sasa mteja anajua kazi nzuri inafananaje.

Hili linawahusu dada zetu zaidi. Ukweli mchungu ni kwamba mwanamke akiingia gerejini peke yake, mara nyingi bei hubadilika kabla hajafunga mlango wa gari. Dawa yake si kwenda na kaka ama mpenzi wa kusimama tu hapo kama bango. Dawa ni dada mwenyewe kujua swali la kuuliza. Giaboksi haiangalii jinsia, na jeki ya giaboksi inainua kilo 40 kwa yeyote anayesukuma mkono wake.

Bei nafuu ya leo

Kuna jambo moja ambalo hata fundi bingwa hawezi kukuokoa nalo: spea feki. Klachi ni kazi ambayo nguvu nyingi huenda katika kufungua. Ukiweka diski ya bei ya kutupa na ikaisha upesi, utalipia kufungua mara ya pili. Kwa hivyo unaponunua, iwe ni Kirinyaga Road kule Grogan ama duka la mtaa wenu, usinunue diski pekee kwa sababu ndiyo iliyoisha. Nunua seti: diski, presha pleti na rilizi bering. Ile bering ni ndogo, lakini ikifa, giaboksi inashuka upya kwa ajili yake.

Nenda na namba ya chesisi, si jina la gari tu. Magari mawili ya jina moja yanaweza kuwa na injini tofauti na klachi tofauti. Linganisha ya zamani na mpya kabla ya kufunga: upana wa diski, idadi ya meno ya katikati, kimo. Dai risiti yenye jina la duka. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008 iliyoleta mamlaka ya kupambana na bidhaa hizo, lakini bila risiti huna pa kuanzia kulalamika.

Na kama gari lako ni otomatiki, makala haya si ruhusa ya kulifungua. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mambo ni mengine kabisa, na uwani si mahali pake. Wenye leseni ya B1 ya kuendesha otomatiki pekee, nyinyi someni ili mjue wenzenu wanapitia nini, na mjue mambo yanavyokwenda mkiamua kuendesha Probox ya biashara.

Mahali pa kufanyia

Tatizo la mwisho si letu sisi tu. Wengi wetu tunaishi kwenye ploti ambazo kufungua boneti tu kunamleta msimamizi mbio: "Hapa si gereji!" Na ana haki. Oili kwenye sakafu ya watu wote ni dharau, na mtoto wa jirani anayecheza karibu na gari lililo juu ni hatari. Vijana wanaojaribu kazi kama hizi huishia kuzifanyia kando ya barabara, kwenye udongo, usiku, kwa tochi ya simu. Hapo ndipo jeki huua.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani, vile tulivyozoea kuviita polytechnic za vijiji. Baadhi ya vyuo hivi vina karakana za magari: sakafu ya zege, mashimo ya kukagulia, vifaa, walimu. Jumamosi na Jumapili nyingi hufungwa kwa kufuli. Kwa nini kaunti zisizifungue wikendi kwa ada ndogo, mwananchi aje na gari lake na spea zake, akodishe nafasi na stendi, na mkufunzi awe anapita kuangalia? Chuo kinapata pesa, wanafunzi wanapata magari halisi ya kufanyia mazoezi, na mafundi wa mtaa wasio na shimo wanapata mahali salama pa kufanyia kazi.

Mafundi hao pia wanaweza kutumia nafasi hiyo kujiandaa kwa mitihani ya ufundi ya NITA, ambayo ina gredi ya tatu hadi ya kwanza. Fundi aliyefanya klachi mamia bila cheti chochote anastahili karatasi inayosema anachokijua, ndipo aweze kuomba kazi kwenye kampuni kubwa bila kuitwa mbabaishaji.

Wawakilishi wa wadi wanaotafuta miradi ya vijana kila bajeti, huu hapa mmoja. Hauhitaji jengo jipya wala kukata utepe. Unahitaji mtu mwenye ufunguo na mlinzi wa wikendi.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba kazi ya mikono ni ya waliofeli. Matokeo yake ni kizazi kinachoweza kutengeneza programu ya simu lakini kinaogopa kufungua boneti, na kizazi cha mafundi wanaoweza kuijenga upya injini lakini hawaheshimiwi na wanaowategemea kila asubuhi kufika kazini. Klachi moja haitaziba pengo hilo. Ila mtu aliyebeba upande mmoja wa giaboksi huku fundi amebeba upande wa pili hawezi tena kumwita "huyo wa spana."

Kwa hivyo mara nyingine ukiambiwa klachi imeisha, usikimbilie kuuliza bei. Uliza imejulikanaje. Omba uone. Ikithibitika, uliza kama unaweza kuwa hapo ikifunguliwa, na kama mfuko na muda vinaruhusu, uliza kama unaweza kushika spana. Nunua stendi kabla ya kununua muziki mpya wa gari. Na fundi akitaka kuingia chini ya jeki tupu ili akumalizie haraka, mwambie atoke, mtafute stendi kwanza. Gari litachelewa, sawa. Yeye atarudi nyumbani.